Mwanne Hupiga Hodi Kabla ya Kufungua Barua

Hebu mfikirie anavyofika. Ni asubuhi, mtaa wa Buyenzi bado unafagia mbele ya milango yake, na nyundo za mafundi wa magari hazijaanza kujibizana. Anakuja kwa miguu, maana essence, petroli, imekosekana tena mjini na tuktuk chache zinazopita zinaringa. Ni mwanamke wa makamo, mnene wa wastani, mtandio wake umebanwa kwa pini ili upepo wa ziwani usiuchezee. Mkono wa kulia ameshika chupa ya chai. Wa kushoto amekumbatia kifurushi kilichofungwa kwa kipande cha kitenge, amekibana kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga katikati ya umati. Ukimwona mara ya kwanza utadhani ni msahafu, anakwenda darasani. Sivyo. Ndani ya kitenge kuna diski ndogo, kama kipande cha sabuni, na ndani ya diski kuna barua za nusu ya mtaa.

Huyo ndiye Mwanne. Kila jioni, kabla ya kufunga, ananakili barua zote za wateja wake kwenye ile diski na kulala nayo nyumbani. Kompyuta ikiungua, chumba kikiingia maji, mwizi akivunja mlango, barua za watu zitakuwa salama chini ya mto wake. Hakuna aliyemwamuru afanye hivyo.

Zamani alikuwa mpiga chapa kwenye wakala mmoja wa forodha karibu na bandari. Siku wakala ulipofungwa, wenzake walipewa maneno mazuri ya shukrani. Mwanne alisema maneno hayo ayaache, apewe ile kompyuta aliyokuwa akiitumia. Akapewa. Akaiweka kwenye chumba cha mbele alichokodi, akaongeza onduleur, lile sanduku zito linaloipa mashine pumzi kidogo umeme unapokatika, akaweka benchi, akangoja. Wa kwanza kuja alikuwa jirani, Saliha, mshonaji aliyekuwa na wateja wa mabaibui huko Kigali na Ubelgiji. Baada ya Saliha wakaja wengine, kila mmoja na shida yake ile ile: nina adresi, mpwa wangu ndiye aliyenifungulia, mpwa amehama na neno la siri.

Sasa, niwaeleze kidogo kazi yenyewe, msije mkadhani ni uchawi. Kwenye mashine ya Mwanne kuna programu ya barua-pepe, zile zinazokaa ndani ya kompyuta yenyewe. Uzuri wake ni kwamba inachukua masanduku ya watu mbalimbali na kuyapanga kwenye dirisha moja, moja chini ya lingine. Intaneti ikija, programu inakwenda kuchota barua za kila mmoja na kuzileta nyumbani. Intaneti ikipotea, barua zinabaki palepale. Unasoma, unajibu, na majibu yanakaa kwenye sanduku la kutokea, yakingoja njia ifunguke. Katika mji ambao umeme na mtandao huja kama wageni wasiotoa taarifa, hiyo si anasa. Mwenye simu atakuambia simu inatosha. Mwulize simu yake ya mwaka juzi iko wapi, na barua zilizokuwemo ziko wapi.

Lakini mashine kama hiyo wanayo wengi. Kinachomtofautisha Mwanne ni jinsi anavyoingia.

Kabla ya kufungua sanduku la mtu, anapiga hodi. Kwa sauti, si moyoni. “Hodi kwa Saliha.” Ndipo anabonyeza. Akimaliza anasema, “Nimetoka, ahsante,” anakunywa funda la chai, kisha anapiga hodi kwa mwingine. Kila sanduku amelipa rangi yake, ili jicho lisipotee. Kioo cha mashine kinatazama ukutani. Benchi liko upande wa pili, na anakigeuza kwako wakati wako tu, sanduku lako likiwa wazi. Watu wanacheka, bila shaka.

“Dada Mwanne, we unabisha hodi kwa mashini, itakujibu lini?”

“Siku itajibu, we ndo utakuwa wa kwanza kukimbia.”

Wanacheka, lakini wanakuja. Wanajua kwamba alichosoma kwa mmoja hakitasikika kwa mwingine. Hilo ndilo duka lake lote. Benchi na mashine ni vitu tu; siku watu watakapodhani kwamba barua zao zinachanganyika, Mwanne atabaki na chumba na chupa ya chai.

Na ndicho kilichokaribia kutokea.

Kati ya wateja wake kuna wawili ambao ni lazima muwafahamu. Wa kwanza ni Muzee Salem. Babu zake walitoka Omani, na familia yao imeuza vyuma mjini hapa tangu zamani. Depo yake, ghala la vyuma, iko Zone Industrielle, eneo la viwanda: mabati, misumari, mabomba. Ni mtu wa maneno machache na kanzu safi, na ana masanduku zaidi ya moja: la depo, la kwake mwenyewe, na jingine ambalo hakuna anayekumbuka lilifunguliwa kwa nini, lakini Mwanne analifagia nalo.

Wa pili ni Atumani, fundi wa pampu, mtoto wa Buyenzi. Maji ya mto yalipoingia Gatumba, kule karibu na mpaka, watu wakihama na magodoro vichwani, Atumani alikwenda kinyume chao na pampu aliyoiunga mwenyewe kwa vipande vya pampu zilizokufa. Akanyonya maji nyumba kwa nyumba, akila alipopewa na kulala alipokaribishwa. Mpaka leo akivuka kule kuelekea mpakani wanamwita kutoka milangoni.

Basi kiwanda kimoja cha pampu huko Uturuki kilitangaza kwamba kinatafuta mtu wa kukiwakilisha Burundi. Mtu mmoja tu. Muzee Salem akataka, kwa sababu pampu zingekaa vizuri karibu na mabomba yake. Atumani akataka, kwa sababu amechoka kufufua wafu. Anataka siku moja ashike pampu mpya, aiuze, na aitengeneze ikiharibika. Wote wawili wakaja kwa Mwanne. Kila mmoja akadhani yuko peke yake. Mwanne akawaandikia wote, kila mmoja kwenye sanduku lake, na hakumwambia yeyote.

Si kwamba hakujaribiwa. Zayd, mpwa wa Muzee Salem anayeshughulika na depo, alisikia fununu, akaja siku moja akaketi pembeni ya benchi, miguu mirefu katikati ya njia.

“Tantine, mi sikuombi useme neno. Kama Atumani ameandika kwa ile kiwanda, we kohoa tu.”

“Zayd, mi leo kifua changu kizima.”

“Kikohozi kidogo! Hata nusu!”

“Ukitaka kikohozi, nenda sokoni, kuko vumbi ya kutosha.”

Benchi zima likacheka, na maneno ya kikohozi yakazunguka Buyenzi. Kilichowafurahisha watu zaidi ni kwamba siku ile vumbi lilimwingia Mwanne kooni kweli, na akalimeza kwa chai mpaka macho yakatoka machozi, asije akakohoa mbele ya Zayd.

Sasa sikilizeni ilivyotokea.

Kiwanda kilimtumia kila aliyeomba, kwa barua-pepe, karatasi moja ya picha za pampu, na mstari wa mwisho ulisema: tuandikieni kwa adresi hii, mtueleze mnayajua nini maji ya nchi yenu. Atumani akaja mchana, mikono inanuka dizeli. Mwanne akapiga hodi kwa Atumani kama kawaida. Akafungua ile karatasi, akafika mwisho, akabonyeza ile adresi palepale ilipoandikwa. Dirisha la barua mpya likafunguka. Akaanza kuandika.

“Waambie, mi maji ya Gatumba najua tabia yake.”

“Maji iko na tabia?”

“Iko nayo, dada! Ya mvua inakuja na kelele. Ya muto inakuja polepole, kama mutu anakuja kuomba kitu. Ile ya polepole ndo mbaya. Ukiona imefika kwa mulango, fahamu iko tayari chini ya kitanda.”

Mwanne alisimamisha vidole. Kisha akayaweka maneno hayo kwa Kiingereza, polepole, kamusi pajani, bila kupunguza kitu. Ile ya mtu anayekuja kuomba aliitafutia neno mpaka akalipata. Wakaandika habari za Gatumba, za pampu ya vipande, za akina mama waliokuwa wakikamua mikeka. Walipofika mwisho umeme ukakatika, onduleur ikaanza kulia, na kila anayeijua anajua inalia kwa muda gani kabla ya kukata roho. Mwanne akabonyeza kutuma, akaizima mashine salama. Mtandao haukuwepo, barua ikalala kwenye sanduku la kutokea. Kesho yake mtandao ukarudi asubuhi, na barua ikaondoka akiwa bado anamimina chai.

Siku zikapita. Ikaja asubuhi moja, benchi bado tupu.

“Hodi kwa Muzee Salem.”

Akabonyeza. Kulikuwa na barua kutoka kwa kile kiwanda. Ilisema: tumeguswa na ulivyotueleza tabia ya maji ya Gatumba. Mtu wa namna hii ndiye tunayemtafuta. Tuambie kama uko tayari.

Mwanne alisoma mara moja, akasoma tena. Akaenda kwenye barua zilizotumwa za Muzee Salem, na pale akaikuta. Maneno ya Atumani yote, maji yanayokuja polepole, mikeka, kila kitu, ndani ya rangi ya kijani ya Muzee. Chini kabisa, mahali ambapo programu yenyewe hubandika sahihi, palikuwa na jina la Salem na anwani ya depo.

Alijua haraka ilivyokuwa. Nami nawaombeni msikilize hapa, kwa sababu kosa hili lingeweza kufanywa na mtu wa kwetu tu. Ile programu haina heshima wala dharau, ina kawaida. Sanduku la juu kabisa kwenye orodha inalihesabu kuwa mwenye nyumba. Barua yoyote inayoanzia nje ya sanduku, kama ile iliyoanzia kwenye karatasi ya picha, inaivalisha jina la huyo wa juu. Mafundi wengine huko duniani labda wanaweka juu sanduku lao wenyewe. Lakini Mwanne alipanga masanduku kama watu wanavyopangwa kwenye mkeka wa shughuli: mkubwa kwanza, kisha anayemfuata. Ungemwekaje Muzee Salem chini ya Atumani, kijana aliyezaliwa Muzee ameshaoa? Akamweka juu. Na kwa miaka yote hiyo halikutokea jambo, kwa sababu kila barua aliianzia ndani, baada ya hodi. Mara moja tu ameanzia nje.

Sasa yuko peke yake mbele ya kioo, na angalieni alivyobanwa. Jibu liko kwenye sanduku la Salem. Ni mali ya Salem, hawezi kulibeba kumpelekea Atumani. Barua ni ya Atumani. Hawezi kumwambia Salem yaliyo ndani yake. Kanuni zake mwenyewe zilikuwa zimemfungia katikati, bila mlango mbele wala nyuma. Na asiposema, kiwanda cha Atumani kinakwenda kwa mwingine kwa maneno ya Atumani mwenyewe.

Njia ya kuponyoka ilikuwepo, na nyinyi mmekwisha kuiona. Futa ile barua. Futa na jibu. Kiandikie kiwanda, kwa jina la Atumani, kwamba mashine ilikosea. Nani angejua? Benchi lilikuwa tupu.

Mwanne akaifunika mashine kwa kitambaa chake, akafunga mlango, akatoka.

Alianza kwa Atumani. Alimkuta amechuchumaa juu ya mota iliyofunguliwa tumbo.

“Atumani, barua yako ilitoka.”

“Alhamdulillah!”

“Ngoja kwanza kushukuru. Ilitoka kwa mulango wa mutu mwengine. Kosa ni yangu, mi ndo niliituma. Na jibu imekuja, imeingia kwa huyo mutu.”

Atumani akaweka bisibisi chini. “Kwa nani?”

“Siwezi kukutajia bila yeye kukubali. Nimekuja kukuomba ruhusa nitaje jina yako kwake.”

“Mi namujua. Ni ile mabati.”

“Mi sijasema mabati.”

“Wala haujakohoa.” Lakini hakucheka. Alifuta mikono kwenye kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. “Na jibu inasema nini?”

“Hiyo pia siwezi.”

“Ah, dada! Barua yangu, maji yangu, Gatumba yangu, na mi ndo sijui!”

“Ni kweli.”

Akaokota bisibisi. Jirani yake alikuwa akipiga bati, wakangoja amalize.

“Bon. Nenda umutaje. Lakini nakuambia mapema, usiseme nilikuficha: kama ile kiwanda inanipotea, mi kwa benchi yako sirudi. Na wakiniuliza sababu, nitawaambia.”

“Una haki,” Mwanne akasema, akashika njia ya Zone Industrielle.

Ni mwendo mrefu kwa miguu, jua likiwa limepanda, malori yamepanga foleni ya mafuta na madereva wamelala chini yake. Angeweza kupiga simu. Baadaye nilimwuliza kwa nini hakupiga, akaniambia habari kama ile mtu anaileta na uso wake.

Muzee Salem alikuwa ameketi kwenye kiti chake kati ya marundo ya mabati, Zayd amesimama nyuma yake. Mwanne akasalimia, akaulizwa hali ya nyumbani, akajibu, akauliza na yeye. Kisha akasema yote: kosa, barua, jibu, na jina la Atumani, kwa ruhusa ya Atumani. Karatasi ya jibu alikuwa ameichapa. Akampa Muzee mkononi, maana ilikuwa imeingia kwenye sanduku lake.

Zayd ndiye aliyesema kwanza. “Mujomba, jibu imekuja kwa jina yako! Sisi hatukuiba, hatukudanganya, imekuja yenyewe. Hiyo ni riziki. Nani anarudisha riziki?”

Muzee hakugeuka. Alikuwa bado anamtazama Mwanne.

“Miaka yote hii unabisha hodi kwa mulango yangu.”

“Ndiyo, Muzee.”

“Mi nawaambia watu, kwa Mwanne barua yako iko kama kwa sanduku la chuma. Leo unaniambia umepitisha mutu kwa chumba yangu, amevaa kanzu yangu, ametoka nje, na mi sijue?”

“Ndiyo, Muzee. Sina cha kujitetea.”

“Ilikuwaje?”

Akamweleza habari ya sanduku la juu. Alimweleza kwa nini alikuwa amemweka juu. Muzee alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande mmoja.

“Kumbe,” akasema, “ni heshima yako ndo karibu inifanye mwizi.”

Mwanne hakujua acheke au alie. Muzee akamgeukia mpwa wake.

“Zayd. Wakati ya maji, Gatumba, ni nani alikuwa kule?”

“Atumani, lakini…”

“Na mi nilikuwa wapi?”

Zayd akatazama mabati.

“Nilikuwa hapa, nauza misumari. Siku ile Waturuki wananiuliza tabia ya maji, nitawajibu nini? Nitawapa tabia ya misumari?” Akaikunja ile karatasi, akamrudishia Mwanne. “Muonyeshe mwenyewe, nimekubali. Kesho nakuja kwako, utawaandikia kwamba mutu wa Gatumba si mi. Lakini barua yangu ya kwanza, ile ya kweli, ibaki! Mi pia naitaka hiyo pampu. Wachague.”

“Inshallah, Muzee. Na kuko jambo lingine.” Hapo Mwanne akajikaza kuliko alivyojikaza kwa yote yaliyotangulia. “Inabidi nikushushe.”

“Unishushe?”

“Kwa orodha. Mahali ya juu, asikae mutu.”

“Chini ya nani?”

“Chini ya sanduku yangu mwenyewe, tupu, haina kazi. Barua ikipotea njia, itatoka na jina langu, niaibike peke yangu. Fikiria kama baraza, Muzee. Hakuna mutu anaona vibaya kukaa nyuma ya baraza.”

Muzee Salem alifikiri kwa muda, kwa uzito, kama mtu anayeombwa ahamishe kaburi.

“Na baada ya baraza?”

“Ni we, Muzee. Kama zamani.”

“Basi sawa. Lakini nisikie umeniweka chini ya huyu Zayd!”

Kesho yake asubuhi Mwanne alichelewa kidogo kufungua. Alisimama na ufunguo pale kwenye kona, akaniambia baadaye kwamba aliogopa kuliona benchi. Buyenzi ni ndogo kwa maneno. Aliyemwona akienda kwa Atumani alimwambia aliyemwona akirudi kutoka kwa Salem. Kama watu wangejiondoa, wangejiondoa asubuhi ile.

Benchi lilikuwa limejaa. Saliha amebana mwisho na mfuko wake wa nyuzi. Muzee Salem katikati, kanzu nyeupe, fimbo kati ya magoti. Karibu naye, akijitahidi dizeli yake isiguse ile kanzu, alikuwa Atumani.

“Unachelewa, dada,” Atumani akasema. “Ama na we unakuja polepole kama maji ya muto?”

Mwanne akaketi, akaiwasha mashine. Mezani akaweka diski yake ndani ya kitenge.

“Hodi kwa Muzee Salem.”

Kisha hakubonyeza. Watu wakangoja. Yeye naye akangoja, mkono juu ya meza.

“Nini tena?” Muzee akauliza. “Umeme imekwenda?”

“Apana, Muzee. Nangoja unijibu. Miaka yote napiga hodi, na sijapata kungoja mutu aniitikie. Naingia tu.”

Vichwa vyote vikamgeukia Muzee. Muzee akasafisha koo.

“Karibu,” akasema.

Ndipo akaingia. Akaandika aliyoambiwa, na kabla ya kutuma akaweka kidole kwenye mstari wa juu, akausoma kwa sauti: anayetuma, Salem. “Ndiye mi,” akasema Muzee. Ikaenda. Mwanne akanywa funda la chai. Hodi kwa Atumani. “Karibu, dada, karibu sana.” Habari za Gatumba zikaandikwa upya, na kidole kikapanda tena kwenye mstari wa juu.

Tangu siku ile ndivyo kazi inavyofanyika. Akipiga hodi, mwenye sanduku anaitikia. Asiye hapo anapigiwa simu, au anapiga yeye mwenyewe. Na wale wenye kuogopa kumaliza unite zao, salio la simu, Mwanne amewaruhusu wambipu tu, simu ilie mara moja ikatwe. Bipu moja ni karibu. Wakati mwingine mambo yanachelewa kwa ajili hiyo, benchi linanung'unika, na mwenye haraka anaambiwa aende zake. Zayd alikwenda. Alichukua sanduku lake akalihamishia kwenye simu, na wiki iliyopita alionekana akimwuliza Saliha, kwa mbali na kwa aibu, kama Mwanne huwa anayakumbuka maneno ya siri ya watu walioondoka.

Kiwanda hakijachagua bado. Lakini kilimwandikia Atumani kwa jina lake, kwenye sanduku lake la rangi ya njano, kwamba pampu moja iko njiani, aijaribu Gatumba na kuwaambia ukweli. Mwanne alipomgeuzia kioo asome, Atumani alikiangalia muda mrefu, ingawa Kiingereza hakijui. Alikuwa anaangalia jina.

Mimi pia nina sanduku kwenye ile mashine. Haliingizi mengi, matangazo zaidi kuliko barua. Hata hivyo kila anapolifikia, simu yangu inaita, nami naacha nilichoshika, natoa sauti, “Karibu, Mwanne.” Nawaza kila mara: barua zako wewe, msomaji, ziko mikononi mwa nani, na anapozifungua, ni lini umesikia hodi?